Oili ya difu ya nyuma: naweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani?

"Nimenunua pikapu iliyotumika, ina kilomita 118,000. Aliyeniuzia hakumbuki kama oili ya difu ya nyuma iliwahi kubadilishwa. Fundi mmoja ameniambia oili ya difu haibadilishwi, huongezwa tu, na miezi michache iliyopita aliniongezea. Rafiki yangu naye ananishauri nimwage ya zamani, nisafishe ndani kwa mafuta ya taa, kisha nitie oili nzito ya 140, kwa sababu nikifika kilomita 80 kwa saa nasikia mvumo huko nyuma. Nina spana zangu na jeki, na oili ya injini huwa nabadilisha mwenyewe. Difu ina nati mbili, moja chini na moja ubavuni. Je, kazi hii naiweza? Jambo jingine, sijui kama linahusiana: gurudumu la nyuma la kushoto limelowa kwa upande wa ndani."

Ndiyo, unaiweza. Anayebadilisha oili ya injini bila shida hatashindwa na difu yenye nati mbili. Hata filta hakuna. Lakini kabla hujashika spana, turudi kwenye hiyo sentensi yako ya mwisho. Inahusiana sana, na kwangu mimi ndiyo nzito kuliko yote uliyoandika, kwa kuwa inagusa breki.

Difu ni lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Kwenye pikapu nyingi oili yake haikai hapo katikati peke yake. Husambaa ndani ya mirija ya ekseli mpaka karibu na magurudumu, na huko mwisho kinachoizuia isitoke ni oili sili, pete ya mpira inayobana hafu shafti, yaani chuma kirefu kinachozungusha gurudumu. Sili ikishindwa, oili huingia kwenye dramu la breki na kulowesha bitana, vile vipande vinavyosugua dramu ili gari lisimame. Breki ya upande huo hupungua nguvu, na siku utakayokanyaga kwa ghafla ukiwa na mzigo, upande mmoja utashika na mwingine utateleza. Kwa hiyo chukua kitambaa cheupe, pangusa huo unyevu, unuse. Ukiwa mzito na una harufu kali ya kiberiti, ni oili ya difu. Ukiwa mwepesi na kikopo cha mafuta ya breki kimepungua, basi ni silinda ya breki inayovuja, na gari hilo lisitoke hapo lilipo mpaka litengenezwe. Kwa vyovyote vile dramu lazima lifunguliwe. Bitana zilizonywa oili hazifai kukaushwa na kurudishwa. Hubadilishwa, pande zote mbili kwa pamoja.

Sasa, kwa nini sili ivuje? Huenda imechakaa tu, au beringi ya gurudumu imelegea na shafti inacheza. Lakini umeniambia kwamba difu iliongezwa oili, na hapo ndipo ninapopata mashaka. Difu iliyojazwa kupita kiasi husukuma oili kwenye sili za pembeni. Tena inawezekana kipumulio kimeziba. Juu ya ekseli kuna kijitundu chenye kifuniko kidogo, au kimpira chembamba kinachopanda hadi kwenye chasisi, na kazi yake ni kuiachia difu ipumue. Gari likitembea, difu hupata moto na hewa iliyomo hutanuka. Ikikosa pa kutokea hapo juu, itajitafutia njia kwenye sili na kutoka pamoja na oili. Hewa hiyo ikipoa hujikunja, kama chupa ya plastiki iliyofungwa ikiwa na hewa ya moto: acha ipoe, utaiona inabonyea. Ndiyo maana difu yenye moto ikiingia kwenye maji ya mto au dimbwi kubwa, huvuta maji ndani kupitia sili au kipumulio kibovu. Kizibue hicho kipumulio kabla hujaweka sili mpya. Nimeona watu wakibadilisha sili ya upande uleule mara mbili, tatu, huku ugonjwa wenyewe uko juu kwenye kijitundu kilichojaa udongo.

Tuje kwenye neno la fundi wako, kwamba oili ya difu haibadilishwi. Sitaki kumvunjia heshima, kwa sababu kauli hiyo ina chanzo. Vitabu vya baadhi ya magari havitaji muda wa kubadilisha oili hiyo kwa matumizi mepesi, na ziko difu zinazozeeka na oili ya kiwandani bila kupiga kelele. Ila matumizi mepesi siyo maisha ya pikapu. Wengi wa watengenezaji wanaotaja kiwango huweka mahali fulani kati ya kilomita 40,000 na 100,000, na hushusha kiwango hicho kwa gari linalobeba mizigo mizito, linalovuta trela au linalopita majini. Lako lina 118,000 na historia haijulikani. Libadilishiwe.

Ukielewa kinachotendeka humo ndani, utaona kwa nini kuongeza tu hakutoshi. Propela, ile shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi, huzungusha gia ndogo iitwayo pinioni, na pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno, krauni, ambalo hugeuza mwendo kwenda kwenye magurudumu ya pembeni. Katika difu nyingi za pikapu, pinioni haikuwekwa usawa wa katikati ya krauni. Imeshushwa chini kidogo. Mpangilio huo unafanya meno mengi zaidi yashikane kwa wakati mmoja, difu inakuwa na nguvu na haipigi kelele. Gharama yake ni kwamba meno hayagusani na kuachana tu, bali yanateleza juu ya mengine kwa shinikizo kubwa mno. Utando wa oili ya kawaida ungepasuka hapo, chuma kikasuguana na chuma. Kwa hiyo oili ya difu hutiwa viungo vya salfa na fosforasi ambavyo, pale joto la msuguano linapopanda, hushikamana na uso wa chuma na kuulinda. Ile harufu ya kiberiti inatokana na salfa hiyo.

Viungo hivyo hupungua kadiri vinavyofanya kazi. Na tofauti na injini, difu haina filta. Kila chembe ya chuma iliyosagika tangu oili ilipobadilishwa mara ya mwisho, kama iliwahi, bado imo humo, labda iwe imenaswa na sumaku ya nati ya chini, kama sumaku ipo. Anayeongeza oili mpya juu ya ile ya zamani anarudisha ujazo tu. Uchafu wote anauacha.

Mafuta ya taa usitie kabisa. Najua ushauri huu umeenea, na anayeutoa anakutakia mema. Tatizo ni kwamba yakishaingia hayatoki yote. Hubaki kwenye mirija ya ekseli na ndani ya beringi, yanaosha utando uliokuwa unazilinda, kisha yanajichanganya na oili mpya na kuilainisha. Ukikuta oili yako ni chafu sana na unataka kusafisha, tia oili ya difu iliyo sahihi, hata kama si ya jina kubwa, endesha taratibu bila mzigo kwa muda mfupi, imwage ingali vuguvugu, halafu ujaze ile utakayokaa nayo. Utatumia oili mara mbili, lakini hutahatarisha kitu.

Na 140? Oili nzito haitibu mvumo. Wakati mwingine inaufunika kwa muda, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu sauti ndiyo taarifa uliyo nayo. Beringi za pinioni, hasa ile ya mbele, hazikai ndani ya dimbwi la oili. Hutegemea oili inayorushwa na krauni inapozunguka. Oili nzito kupita inavyotakiwa huchelewa kufika huko asubuhi gari likiwa baridi, na safarini hula nguvu na kuzalisha joto. Yapo magari ambayo kitabu chake kinataka 85W-140, hasa kwa mizigo mizito. Kama lako ni mojawapo, itie bila wasiwasi. Kama kitabu kinasema 75W-90 au 80W-90, fuata hivyo. Namba hizi pia zisikuogopeshe ukizilinganisha na za injini, kwa kuwa vipimo vyake ni viwili tofauti: oili ya gia ya 90 ikiwa na moto ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50.

Zaidi ya uzito, angalia herufi GL kwenye kopo, zinazoonyesha daraja la oili ya gia. Difu ya aina niliyoieleza huhitaji GL-5. GL-4 ina viungo vichache vya kuhimili shinikizo, na mara nyingi hutumika kwenye giaboksi za kawaida. Kwa hiyo usichukue oili ya giaboksi iliyobaki ukaitia kwenye difu, na usiipeleke ya difu kwenye giaboksi bila kusoma kitabu, maana baadhi ya GL-5 hazipatani na madini ya njano, yaani ya jamii ya shaba, yaliyomo kwenye giaboksi.

Kuna swali moja hukuliuliza na lazima ulijibu kabla ya kununua: difu yako ni ya kawaida au ni ile inayojibana, inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure likikwama? Nyingi za aina hii zina klachi ndogo ndani, na klachi hizo zinataka oili iliyoandikwa kwamba inafaa kwa difu za LSD, au kiongezi maalumu kinachochanganywa. Ukitia oili ya kawaida, gari litaanza kutetemeka na kugugumia nyuma unapokata kona kali. Tafuta kibandiko au kibati kwenye difu, au soma msimbo wa ekseli kwenye kibati cha kiwandani cha utambulisho wa gari. Watu hupima pia kwa kunyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, kuweka gia huru, na kuzungusha moja kwa mkono. La pili likienda upande uleule, difu inajibana. Kipimo hicho kinasaidia lakini kinaweza kudanganya, kwani klachi zikiisha difu hujionyesha kama ya kawaida. Maandishi ndiyo ya kuamini.

Kuhusu mvumo wenyewe, usimwage oili ukitarajia utakwisha. Jaribu hivi kwanza: ukiwa kwenye barabara tulivu, kwa mwendo uleule unaovuma, achia mafuta kidogo bila kugusa breki, kisha kanyaga tena. Sauti ikibadilika, ikawa kubwa unapokanyaga na kufifia unapoachia, au kinyume chake, elekeza macho kwenye krauni na pinioni. Isipojali mguu wako lakini ikabadilika lami inapobadilika, ni matairi. Ikiongezeka unapoyumbisha gari kidogo upande mmoja, ni beringi ya gurudumu, na kwa kuwa upande wako wa kushoto unavuja, hilo lisinishangaze. Kama oili ilikuwa imepungua sana, kujaza kunaweza kupunguza sauti. Lakini jino lililoliwa halirudi.

Basi tufanye kazi. Endesha gari kama dakika 15 ili oili iwe vuguvugu, isiwe ya kuunguza. Liegeshe mahali pa usawa kabisa. Pikapu nyingi ziko juu vya kutosha mtu kuingia chini bila jeki, na kama yako ni hivyo, usiinyanyue. Ukinyanyua nyuma peke yake, difu inainama mbele na kipimo cha oili kinapotea. Watu wengi hujaza zaidi au pungufu kwa sababu hiyo tu. Ikibidi kunyanyua, weka stendi imara, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, na tia kabari magurudumu ya mbele. Handibreki ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma; hayo yakiwa hewani, haizuii gari kusogea.

Safisha eneo la nati zote mbili kwa brashi ya waya, kisha fungua ya ubavuni kwanza. Naomba hili ulishike kuliko yote. Nati ya kujazia ndiyo inayokaa miaka bila kuguswa, ikashikwa na kutu. Ukianza na ya chini, oili ikamwagika yote, halafu ya juu ikakataa, utabaki na gari lisiloweza kwenda popote, hata kwa fundi. Ikiwa ngumu, ipulizie dawa ya kulegeza kutu, iache hata usiku mzima, igonge polepole kwa nyundo, na tumia soketi ya pembe 6 inayoikaa sawasawa. Kama kichwa chake ni shimo la mraba au la pembe 6, kwangua udongo wote ndani kwa bisibisi mpaka ufunguo uingie hadi mwisho. Mara nyingi italia "ta!" kavu ndipo ianze kulegea. Ukiona pembe zinaanza kuviringika, acha. Hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea, na mradi hujafungua ya chini, gari lako bado ni zima.

Ya juu ikishafunguka, weka beseni, fungua ya chini, uache oili itoke mpaka imebaki matone. Vaa glavu, maana harufu ile haitoki mikononi kirahisi.

Sasa chukua nati yenye sumaku uitazame kwenye mwanga, usikimbilie kuifuta. Utaona tope la kijivu lililosimama kama nywele fupi. Lipondeponde kati ya vidole: likiwa laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta, huo ni uchakavu wa kawaida, na kwa kilomita zako usishtuke likiwa nene. Ukihisi vipande vinavyochoma, vijimagamba vinavyong'aa, au ukaona kipande chenye umbo la jino, hapo difu inahitaji kufunguliwa na oili mpya haitaiokoa. Tazama na rangi ya oili. Nyeusi ni uzee. Yenye harufu ya kuungua ina maana ilifanya kazi kwa joto kubwa, pengine ikiwa pungufu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha, tengeneza kipumulio na sili, kisha ubadilishe tena baada ya muda mfupi, kwa sababu maji hayatoki yote mara moja na beringi hushikwa na kutu haraka.

Pima pia kiasi kilichotoka. Pikapu nyingi huchukua kati ya lita 2 na 4, na kitabu kitakupa kiasi kamili cha yako. Kama kilichotoka kimezidi kile cha kitabu, tumeshapata sababu moja ya sili kuvuja.

Futa sumaku, weka washa mpya (pete nyembamba ya kuziba) ikiwa nati zako hutumia washa za kubanwa, rudisha nati ya chini na uikaze kwa kipimo cha kitabu. Nati zisizo na washa, zile zinazopungua unene kuelekea mwisho, hutaka dawa ya kuziba kwenye nyuzi na mkono wa wastani, kwani ukizikaza kwa nguvu zinaweza kupasua gamba la difu.

Tundu la kujazia liko ubavuni, kwa hiyo kopo halitainama likamimina. Tumia pampu ya mkono, au mpira mwembamba unaopanda juu hadi kwenye faneli huku mwenzako akimimina taratibu. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye ukingo wa chini wa tundu, subiri dakika chache itulie kwenye mirija ya ekseli, jaza tena kidogo, uache ya ziada ichuruzike yenyewe. Baadhi ya magari hutaka oili ikae milimita kadhaa chini ya ukingo. Kitabu kikisema hivyo, kitii, na pima kwa kidole kilichokunjwa au waya. Kisha funga.

Kwa wale ambao difu yao haina nati ya chini bali kifuniko cha nyuma chenye bolti, kazi ni ileile ila inachukua muda zaidi: bolti zote zilegezwe, ya juu iachwe imeshika ili kifuniko kisianguke, nyuso zisafishwe mpaka ziwe kavu kabisa, na kama ni silikoni badala ya gasketi, iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza. Faida yake ni kwamba unayaona meno kwa macho yako.

Kuna sehemu ya kazi hii nisingependa uifanye peke yako. Kutoa hafu shafti, kubadilisha beringi ya gurudumu na sili yake kunahitaji vifaa vya kuvutia, na magari mengine hutaka presi. Mpelekee fundi, na umwambie wazi: kipumulio kikaguliwe, bitana za pande zote mbili zitazamwe, na shafti ipimwe kama inacheza. Kama huo unyevu ni oili ya difu, tengeneza upande huo kwanza ndipo ubadilishe oili, au fanyeni siku moja, kwa sababu katika magari mengi kutoa shafti humwaga sehemu ya oili na utalazimika kujaza upya. Vilevile mpelekee bila kuchelewa ukikuta vipande kwenye sumaku, ukisikia kishindo unapoingiza gia, au nati ya mbele ya pinioni ikiwa inacheza unaposhika propela na kuitikisa. Kukaza hiyo nati kwa kubahatisha huharibu mpangilio wa beringi zote mbili za pinioni.

Ukimaliza, endesha kilomita 10 au 15 bila mzigo, rudi uguse chini ya kila nati kwa kitambaa kikavu, na kesho yake gari likiwa limepoa ukague kipimo tena. Oili ya zamani ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko uipeleke panapokusanywa oili chafu. Isimwagwe mtaroni wala ardhini.

Mwisho, andika kilomita za siku hiyo, na usisubiri muda kamili wa kitabu kwa safari hii ya kwanza. Baada ya kilomita 10,000 hivi fungua nati ya chini tena, ukiwa na oili mpya mkononi, uitazame sumaku. Tope utakalolikuta sasa ni la miaka yote ya wenye gari waliokutangulia, limechanganyika na halikuambii lilianza lini. La mara ya pili litakuwa la kilomita zako peke yako. Likiwa jembamba, fuata muda wa kitabu kuanzia hapo. Likiwa nene kama la kwanza, au mvumo ukiwa umeongezeka, difu inasagika sasa hivi, na ni wakati wa kuifungua kabla haijakushikia njiani.